Si na Ni

Juzi tumekaa tunakula muhogo, mwanangu kaniuliza: "Baba, mbona kwenye grupu la ukoo huandiki? Kila siku sauti tu."

Nikamwambia vidole vyangu vinene. Ana miaka tisa, na hakucheka.

Usiku ikanijia barua ya Mjomba. Wete, Ramadhani ya 1991.

Barua za Maskati zilifika kwa mkono wa msafiri, bahasha ina michirizi myekundu na ya buluu pembeni. Bibi alikuwa amehitimu msahafu, na hata Kiswahili cha herufi za Kiarabu akikisoma bila ya kusita, lakini hizi herufi za Kizungu hakuzijua. Mie nilikuwa darasa la tano, basi ndiye msomi wa nyumba.

"Njoo, mume wangu, nisomee," akasema, akaisogeza kandili.

Skuli niliishi kwa masikio. Wenzangu wakisoma nanasa, zamu yangu ikifika natiririka. Hapa hapakuwa na wa kunitangulia. Mwanzo nilimudu, maana barua zote zilianza namna moja: dhumuni la waraka huu ni kutaka kujua hali zenu, ama mimi huku ni mzima wa afya. Nikasalimia mtaa mzima jina kwa jina, na Bibi akaitikia kila salamu.

Kisha akauliza, "Na Idi? Hakusema?"

Nikarudi kwenye karatasi. Nikilishika neno moja, la pembeni yake linaponyoka. Kandili inanuka mafuta, Bibi kanyamaza, ananingoja. Nikaliona "Idi", fupi, halina hila. Na lililotangulia nikalikamata mkiani: ja, kuja, takuja. Moyo ukanipiga kwa furaha, wallahi, maana usiku kucha hilo ndilo neno la kwanza nililolisoma kweli.

"Nitakuja Idi."

Bibi akaichukua karatasi, akaibusu.

Nyumba ikapigwa chokaa, na masika yale! Jogoo akafungwa mguu uani. Siku ya Idi Bibi alikaa dirishani mpaka magharibi. Idi pili akaja Mama, akaiokota barua, akasoma.

"Mbona hapa kaandika sitakuja?"

Bibi hata hakunitazama. "Mtoto kasoma sawa. Mie ndiye niliyesikia vibaya."

Barua iliyofuata akampa mtoto wa jirani aisome.

Watu husema Kiswahili chepesi, kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Ni kweli. Lakini maneno yetu ni marefu, na maana nzima inaweza kukaa kwenye silabi ile ya mbele uliyoiruka.

Disleksia nimelijua jina lake ukubwani, mwalimu wa mwanangu aliponiita. Si macho, alisema, wala si uvivu. Ubongo hupata tabu kuunganisha herufi na sauti yake, na mara nyingi hali hii hupita katika ukoo. Akaniuliza kama kwetu yuko mwengine.

Nikamwambia nitauliza nyumbani.

Jana kwenye grupu wameuliza nani atakwenda arusini Unguja. Nikaandika neno moja. Kabla sijalituma nikamwita mwanangu, nikampa simu. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Si... ta... ku... ja."

"Una hakika?"

Akakirudisha kidole mwanzo, akaanza tena.