Kemia na baiolojia meza moja

Kila nikivuka feri kurudi nyumbani Likoni, shangazi huniuliza: wewe ni wa kemia au wa baiolojia? Wa zote mbili, shangazi, na kazi hii ya kutafuta dawa kwenye mimea naipenda kwa moyo wote.

Sasa hivi tuko na majani ya mwarobaini. Tunayakausha kivulini, tunayasaga, tunayaloweka kwenye ethanoli, kisha tunadondosha tone dogo kwenye kibati chenye silika (unga laini wa asili ya mchanga) na kukisimamisha ndani ya kimiminika kidogo. Kimiminika kikipanda, rangi zinaachana: manjano huku, kijani kule. Weka chini ya taa ya urujuanimno uone klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inavyowaka nyekundu! Kisha mwenzangu anajaribu kila sehemu kwenye sahani ya bakteria, tujue ipi inawazuia kukua.

Tu Youyou wa China alipita njia hiyohiyo akitafuta dawa ya malaria. Mwaka 1971 alitumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, ili artemisinini, yaani dawa yenyewe iliyomo kwenye mmea, isiharibike. Akapata Tuzo ya Nobeli 2015.

Pwani tuna miti ya dawa tele, na wazee wanaoijua bado tunao. Mashine ni chache na foleni ndefu, lakini wadogo zangu mnaomaliza digrii ya kwanza, msiogope kuvuka idara. Mwenye swali aniulize hapa.