Jarida la Chuo cha Sanaa Huanzia Kwenye Karatasi

Nilipokabidhiwa kazi ya kusanifu jarida la kuchapwa la chuo cha sanaa, sikuanza kwa kuwasha kompyuta. Nilichukua karatasi nne za A3, nikazikunja katikati, nikazipachika moja ndani ya nyingine, kisha nikaandika namba za kurasa kwa penseli kuanzia 1 hadi 16. Kijitabu hicho kitupu kilinifundisha mengi kuliko skrini. Jarida linalobanwa kwa pini katikati huongezeka kwa kurasa nne nne, kwa hiyo mhariri anayeomba "ukurasa mmoja tu zaidi" kwa hakika anaomba kurasa nne. Aidha, ukurasa wa 8 na wa 9, yaani wa katikati, ndizo kurasa pekee zinazofuatana zilizo ubavu kwa ubavu juu ya upande mmoja wa karatasi moja. Picha pana ikitandazwa kwingineko, nusu zake mbili hutoka katika karatasi tofauti, na mstari wa mchoro huweza kuvunjika mkunjoni.

Hapo ndipo nilipoweka mchoro wa mkaa wa mwanafunzi mmoja, uliokuwa umechorwa mikono miwili inayosuka ukili. Nakala ya kwanza niliyopokea ilikuwa imetumwa kwa simu, ikapunguzwa ukubwa wa faili njiani, na ingawa kwenye skrini ilipendeza, haikufaa kuchapwa. Picha ya kujaza upana wa ukurasa mmoja wa A4, yaani milimita 210, kwa nukta 300 kwa inchi, huhitaji takribani pikseli 2,480, na ya kutandazwa kurasa mbili huhitaji mara mbili yake. Tuliupiga picha upya mchoro wenyewe karibu na dirisha, kwa mwanga mtulivu wa mchana, bila kumulika kwa taa ya kamera.

Kilichofuata kilihitaji uvumilivu zaidi. Mkaa una weusi mwingi: upo weusi mzito wa kivuli chini ya kiganja, na upo ule mwepesi kama vumbi unaobaki pale kidole kilipopangusa. Katika chapa ya majaribio iliyotumia rangi zote nne za wino wa uchapaji, kijivu hicho chepesi kiliingia ukijani, mikono ikaonekana kama ya mgonjwa. Tuliamua kuuchapa kwa wino mweusi peke yake. Kwa kuwa tulikuwa tumechagua karatasi isiyong'aa, ambayo hunywa wino na kuzitanua nukta za wino zinazounda picha, nililazimika kuvipunguzia vivuli uzito kabla ya kupeleka faili, la sivyo vidole vingezama gizani. Bado naamini karatasi hiyo ndiyo iliyostahili, kwa maana mkaa ukichapwa juu ya karatasi yenye kung'aa hupoteza ile hali yake ya ukavu.

Kuhusu maandishi, nilijizuia kwa makusudi. Fonti mbili zilitosha, safu mbili kwa kila ukurasa, na pambizo pana ili msomaji apate pa kushika bila kufunika kazi ya mtu. Walimu wawili walitaka jarida la chuo cha sanaa lioneshe ubunifu hata katika vichwa vya habari. Niliwaeleza kwa heshima kwamba kichwa kinachopiga kelele hushindana na mchoro uliopo chini yake. Vilevile sikukubali kukata pembe za kazi yoyote ili itoshee nafasi, kwani ukingo wa mchoro ni uamuzi wa mchoraji.

Katika kusafisha picha ya mchoro ule, mwenzangu alitaka kufuta doa dogo la kidole gumba lililokuwa pembeni chini. Nilimwomba aliache. Majarida yalipofika, mwanafunzi yule alifungua ukurasa wa katikati, akakaa kimya kwa muda, kisha akaweka kidole gumba chake juu ya doa lile kuona kama linalingana.