Mama Neema ana muda

Wiki hii wakaguzi wamemaliza hesabu zetu na kuondoka bila hoja kubwa, Baba Neema amerejea kutoka Dodoma kwa treni, na Neema amemaliza mitihani yake ya mock; lakini kinachonizunguka kichwani tangu Jumapili ni maneno ya wifi yangu, tena aliyoyasema huku akimimina chai.

Tulikuwa kwake Tabata, kwenye kikao cha harusi ya yule shemeji yangu mdogo. Kikao kilitangazwa kuwa cha saa kumi jioni. Nilifika saa kumi, nikamsaidia wifi kupanga viti, na tulipoanza, adhana ya magharibi ilikuwa imeshapita. Ilipofika zamu ya kumchagua katibu, kila mtu akainamia simu yake. Ndipo wifi aliposema, bila hata kugeuka, "Mpeni Mama Neema, yeye ana muda."

"Muda gani tena, wifi?"

"Si saa tatu usiku umeshalala wewe? Wenzio saa hizo ndiyo kwanza tunabandika ugali."

Watu wakacheka, nami nikacheka, na daftari la kamati likawa limeshatua mapajani mwangu.

Tangu hapo nimemjibu wifi kituoni Kimara, nimemjibu ndani ya basi, nimemjibu nikiwa nasuka nywele za Neema. Nimemjibu kwa upole, kwa ukali, na hata kwa mafumbo ya kipwani ambayo mimi, mtu wa Korogwe, siyawezi. Ukatibu wenyewe haunisumbui. Kinachonichoma ni kudhaniwa kwamba hiyo saa tatu niliiokota mlangoni asubuhi moja, wakati kila dakika yake imelipiwa mahali fulani. Maharage ya wiki nzima huchemshwa Jumamosi, yakapoa, nikayagawa kwenye vimfuko na kuyapanga friza, ili jioni ya Jumanne ibaki kazi ya kuunga kwa nazi tu. Umeme hununuliwa mwanzoni mwa mwezi. Saa kumi na nusu alfajiri nimeshaamka, kwa sababu anayewahi mwendokasi hupata kiti, na anayepata kiti huweza kufungua daftari na kuandika mambo matatu ya siku hiyo kabla basi halijafika Magomeni. Kazini nazifanya hesabu ngumu mapema, kabla hawajaanza kuja wale wa "samahani, dakika moja tu", na nazifanya kwa vipande vya dakika 25, kwa njia aliyoibuni Mwitaliano Francesco Cirillo mwishoni mwa miaka ya 1980, alipokuwa mwanafunzi na kujipimia muda kwa saa ya jikoni yenye umbo la nyanya. Mimi natumia kengele ya simu.

Lakini katika mji huu, anayefika akihema na kuilaani foleni ndiye anayeheshimiwa muda wake. Aliyefika mapema akakaa kwa utulivu huonekana hana shughuli. Ofisini ni hivyohivyo: mwenzangu ambaye meza yake imejaa mafaili hatumwi popote, ila mimi niliyemaliza ndiye ninayeambiwa niipitishe barua benki, kisha nikirudi nimsaidie yeye.

Basi Alhamisi nikaenda kwenye kikao cha pili nikiwa nimenuna, na ajenda nimeiandika. Kuna Mwingereza, Cyril Northcote Parkinson, aliyeandika mwaka 1955 kwamba kazi hutanuka hadi ijaze muda wote iliopewa, na mwaka 1957 akaeleza jinsi kamati inavyoweza kupitisha mtambo wa nyuklia kwa dakika chache, kisha ikabishana kwa muda mrefu zaidi juu ya kibanda cha baiskeli. Kamati yetu angeipenda. Jumapili ile tulipitisha mamilioni ya ukumbi kabla chai haijapoa, halafu tukagombania rangi ya sare mpaka mtoto wa mtu akalala sakafuni. Safari hii mbele ya kila jambo niliandika dakika zake, na rangi ya sare nikaipa 15. Simu nikaiweka katikati ya meza.

Kengele ililia shangazi wa bibi harusi akiwa katikati ya sentensi, ameinua kipande cha kitambaa cha kijani. Kimya kikapita. Baba mkubwa akakohoa, akasema, "Katibu tumemchagua wenyewe. Ni bluu." Raha niliyoisikia hapo sitaificha. Kabla ya saa mbili tulikuwa tumefunga kikao kwa sala.

Na hakuna aliyeondoka. Nilikuwa nimeshabeba mkoba, lakini chapati zikaletwa, baba mkubwa akaanza kusimulia jinsi lori lililombeba yeye na wapambe wake lilivyokwama kwenye tope siku ya ndoa yake, mpaka bibi harusi akatumiwa ujumbe kwa baiskeli, na nikajikuta nimeketi tena, nacheka hadi machozi, saa tatu ikipita mbele ya macho yangu, saa nne nayo ikaifuata. Wifi aliniongezea chapati bila kuniuliza. Hakusema lolote kuhusu muda, na yale majibu yangu yote yakakosa pa kutokea. Kikao kijacho ni Jumapili, na nimeshaambiwa kwamba michango nayo nitaikusanya mimi.

Kinachoninyima usingizi sasa ni ule mwembe wa uani. Tawi lake kubwa limelala juu ya bati la jirani, vuli inakaribia, fundi wa kukata anataka hela yote mkononi kabla ya kupanda, na jirani mwenyewe amesafiri, simu yake haipatikani.