Zangu Ziko Njiani

Jumamosi iliyopita nilitamka maneno matatu ambayo hadi leo yananiamsha usiku, na kwa kuwa Baba Imani amekwisha kuniomba nisiyarudie tena mezani, nayaleta hapa. Nilisema, "Zangu ziko njiani."

Mnaoifuata shajara hii mnazikumbuka fimbo zangu za gofu. Niliwasimulia siku nilipozikuta Kinondoni, kwa yule mzee anayeuza vyombo vya mtumba kutoka Japani, zikiwa zimesimamishwa ndani ya ndoo katikati ya feni na majiko ya kupikia wali, fimbo tisa kwa jumla, nami nikazichukua kwa shilingi 280,000 baada ya kuvutana bei mpaka adhana ya adhuhuri. Sita kati ya hizo ni vyuma (zile fimbo za vichwa vyembamba vya chuma) vya Daiwa, kampuni ambayo wengi wetu tunaijua kwa mashine za kuvulia samaki, ingawa fimbo za gofu nazo imezitengeneza kwa miaka mingi. Nilizisugua kutu kwa mswaki, nikazivalisha mishikio mipya, na tangu hapo nimejifunza kwa hizo kila kitu ninachokijua katika mchezo huu. Ninazipenda. Ninataka jambo hilo liandikwe kabla ya mengine, kwa sababu yanayofuata hayaonyeshi hivyo.

Tulikuwa wanne, tumesimama tukisubiri zamu yetu kwenye shimo la kwanza. Mmoja wetu ni rafiki wa mume wangu, ambaye klabu nzima inamwita Injinia, mtu mpole, mkarimu wa vinywaji, mwenye begi ambalo jina la kampuni yake unaweza kulisoma ukiwa bado unaegesha gari. Kila kichwa cha fimbo yake kina kofia yake. Alilitazama begi langu, akachomoa chuma namba 7 bila kuniomba, akakigeuza mgongo na kukisoma kwa sauti, silabi moja baada ya nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Da-i-wa." Kisha akasema, "Shemeji, leo tunacheza gofu au tunavua changu?"

Wote wakacheka, na ninakiri kwamba utani wenyewe ulikuwa mzuri. Lakini kicheko changu ndicho kilichotangulia, na kabla hakijaisha nilikwisha kusema, "Hizo za kujishikiza tu, Injinia. Zangu ziko njiani."

"Ahaa! Umeagiza za nani?"

Nikataja jina. Nililitoa wapi? Nililisoma kwenye kofia aliyoivaa kichwani. Akaitikia kwa kichwa kama mwalimu aliyepata jibu alilolitarajia, akakirudisha chuma changu begini, nacho kikagonga wenzake kwa ule mlio ambao mwezi mzima uliopita nilikuwa ninausikia kama muziki.

Hayo ndiyo yote yaliyotokea, na hayakuchukua hata dakika moja. Katika wiki hiyo hiyo mdogo wangu amejifungua mapacha salama huko Tanga na Baba Imani amepokea barua ya uhamisho wa kwenda Dodoma, nami nimekaa nikijiuliza kwa nini nilitaja jina lililo kwenye kofia ya mtu.

Tangu usiku ule nimekuwa nikitunga majibu ambayo ningempa. La kwanza lilikuwa la Severiano Ballesteros, mvulana wa kijiji cha Pedreña, pwani ya kaskazini ya Hispania, aliyejifunza gofu kwa chuma namba 3 kimoja tu, kikuukuu, akipiga mipira kwenye mchanga wa ufukweni, na ambaye mwaka 1978 alifika hapa jirani, Nairobi, akaichukua Kenya Open, mwaka mmoja kabla ya kushinda Open ya Uingereza. Nililipenda jibu hilo kwa muda wa kama saa nzima. Baadaye nikakumbuka kwamba alipofika Nairobi hakuwa tena na fimbo moja, na kwamba mwanamke mwenye hendikapu ya 29, yaani ambaye bado ni mwanafunzi wa mchezo, akijikinga kwa jina la bingwa wa dunia atachekwa mara ya pili, na safari hiyo kwa haki.

Jibu la pili nililitoa jikoni, Jumapili, mbele ya sufuria ya maharage. Mwishoni mwa 2016 Costco, yale maduka ya Marekani ambako watu hununua sabuni na karatasi za chooni kwa mafungu makubwa, walitoa mpira wa gofu kwa jina lao la dukani, Kirkland Signature, wenye matabaka manne na gamba la yurethani, mipira 24 kwa dola 30. Wakati huo dazeni moja tu ya Pro V1 ya Titleist, mpira ambao watu wa klabu huutamka kama wanaotaja jina la mkwe, ilikuwa karibu dola 50. Waliozipima aina zote mbili wakaona ule wa bei rahisi haukuachwa mbali, ukaisha madukani, ukawa unalanguliwa mtandaoni kwa bei ya juu kuliko ya dukani. Acushnet, ambao ndio wenye Titleist, waliandika barua ya kulalamikia hataza zao, Costco wakaenda mahakamani mwaka 2017, na mwaka 2018 pande hizo zikamalizana. Kinachonichekesha ni ulanguzi: mpira ule ule ambao mtu angeona aibu kuutoa mfukoni kwa sababu ni rahisi, akaanza kuutafuta kwa bei mbaya kwa sababu ni adimu. Jibu zuri sana, lakini linahitaji dakika nne na msikilizaji asiye na haraka ya kupiga mpira wake.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa ndilo kazi yangu. Mimi ni afisa ununuzi. Kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikirudisha maombi ya idara yaliyoandikwa "tunahitaji kompyuta za kampuni fulani", nikiwaeleza wakuu wa idara, tena kwa ukali ambao wengine hawajanisamehe, kwamba katika ununuzi wa umma hatutaji jina la mtengenezaji, tunataja sifa za kitu. Na pale ambapo hakuna namna nyingine ya kukieleza, jina likitajwa ni lazima lifuatwe na maneno "au kinacholingana nacho". Gofu yenyewe imekwisha kutufanyia kazi hiyo. R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga kanuni za mchezo huu, vimeandika sifa kama zabuni: mpira usizidi gramu 45.93 na kipenyo chake kisipungue milimita 42.67, begi lisiwe na fimbo zaidi ya 14, kichwa cha draiva, ile fimbo ya kupigia mbali, kisizidi sentimita za ujazo 460, na uso wake usiurudishe mpira kwa nguvu kupita kipimo kilichowekwa. Maana yake ni kwamba draiva mpya ya dola 600, ambazo kwetu ni kama milioni moja na nusu, inagonga dari lile lile linalogongwa na draiva ya bei ya theluthi moja. Yote hayo ninayajua. Ningeweza kuyaeleza mbele ya bodi ya zabuni nikiwa usingizini. Lakini nilipoulizwa na mtu mmoja aliyevaa kofia, sifa hazikunijia hata moja.

Sitaki kutia chumvi na kusema kwamba fedha hainunui kitu. Draiva yangu ya Kinondoni ina kichwa kidogo kama embe dodo changa, na ukiugusa mpira pembeni ya uso wake unakwenda kuwatembelea majirani, wakati vichwa vya siku hizi husamehe makosa kama bibi. Karsten Solheim, ambaye alikuwa injinia wa kweli wa General Electric kabla ya kuanzisha Ping, alihangaika katika gereji ya nyumba yake miaka ya 1950 kuuhamishia uzito kwenye kingo za kichwa cha fimbo ili mkwaju usiolenga katikati nao upate nafuu. Lakini wazo hilo leo liko katika karibu kila seti ya wanaoanza, ya jina kubwa na ya jina lisilojulikana, na hata vyuma vyangu vya wavuvi vimechimbwa mgongoni kwa sababu hiyo hiyo. Kipimo ambacho ningemshauri mtu alipie ni urefu wa mpini na ulaini wake, kulingana na kimo chake na kasi ya mikono yake. Jambo hilo Injinia hakuliuliza. Aliuliza za nani.

Ubaya ni kwamba maneno yale matatu sikuyaacha pale. Kwenye shimo la nne niliuchapa mpira kichwani ukatambaa hatua ishirini, nami, badala ya kunyamaza, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Fimbo hizi nazo!" Fimbo haikuwa na kosa lolote. Niliinua uso kabla ya wakati, kama ninavyofanya kila wiki. Injinia akanipa pole ya dhati kabisa, akasema nivumilie, mzigo utafika tu.

Aliyekuwa amebeba begi langu ni Hamisi, yule kijana niliyewahi kuwaandikia habari zake, anayeyajua mashimo yote ya uwanja ule kuliko waliolipia uanachama. Alisikia yote. Tulipomaliza, alikuwa akizifuta fimbo kwa kitambaa chenye maji, moja moja, polepole kuliko kawaida yake, halafu akasema, "Mama, samahani. Hizo mpya zikifika, naomba unikumbuke kwa hizi. Nina laki na ishirini kwenye kibubu."

Makedi, yaani wanaowabebea wachezaji mabegi, hucheza Jumatatu, uwanja unapokuwa mtupu. Hamisi ana fimbo nne, na mojawapo mpini wake umeungwa kwa bomba na kuzungushiwa utepe mweusi wa mafundi umeme. Nilimtazama, nikasema, "Nitakukumbuka."

Hapo ndipo hasira yangu kwa Injinia ilipokosa pa kukaa. Yeye alinitania tu. Mimi nilimwahidi kijana wa watu fimbo ambazo sina nia ya kuziuza, zitakazopatikana baada ya kufika kwa fimbo ambazo hazipo. Kuanzia Jumapili hadi Jumanne nilipiga hesabu za ajabu. Nilifika hatua ya kufungua kurasa za wauzaji na kuuliza bei, ili uongo wangu ugeuke kuwa kweli kwa gharama ya ada ya muhula mzima ya Imani.

Jumatano baada ya kazi nilikwenda uwanja wa mazoezi. Hamisi alinisalimia, "Shikamoo mama," akalipokea begi, na kabla hajaniuliza kitu nikampa chuma namba 5 nikamwambia apige yeye kwanza. Aliupanga mpira kwenye majani, akapumua, akapiga. Sijui niuelezeje mlio ule. Fimbo ile ile ambayo mikononi mwangu hulia kama kopo ilitoa sauti fupi, safi, kama mlango mzuri unaofungwa, na mpira ukapanda, ukakaa juu kama umesahau kushuka. Tulisimama wote wawili tukiutazama. Nikacheka peke yangu, kwa furaha tupu, kama mtu aliyesikia mtoto wake akisifiwa na wageni.

Nikamwambia, "Hamisi, hakuna fimbo zozote njiani."

"Najua, mama."

"Unajua?"

"Wengi husema hivyo pale shimo la kwanza." Alikuwa bado anaifuta fimbo. "Ila nikasema nijaribu bahati yangu."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko ya Injinia, na kila ninapoyarudia nashindwa kuamua kama alikuwa ananihurumia au ananitania. Tumekubaliana kwamba kila Jumatatu begi langu lote litabaki kwake badala ya kurudi nyumbani, naye ataiangalia mishikio na kunieleza bila kunionea haya lini ninawahi kuinua uso. Alisema suala la kuuza tuliache hapo hapo. Kisha akaongeza kwamba laki na ishirini bado ipo.

Kesho ni Jumamosi, na Injinia ataniuliza mzigo umefikia wapi. Nimeandaa jibu fupi, "Haupo," lakini Ballesteros na Costco nao nilikuwa nimewaandaa.

Ningelala sasa, ila jana nilipita Mbagala kumwona mama. Pakiti ya vidonge vyake vya presha ina vidonge 30, anameza kimoja kila siku, na nilimpelekea siku 18 zilizopita. Alipokwenda kunichemshia chai niliifungua nikavihesabu. Vilipaswa kubaki 12. Nilivihesabu mara mbili, na mara zote mbili vilikuwa 19, naye aliporudi na kikombe nilimuuliza kama anavimeza, akanijibu kwa sauti ya upole kabisa, "Kila asubuhi, mwanangu."