Nilivyohesabu saa za safari ya mama, Zanzibar hadi London

Mama anakunywa dawa ya presha saa moja asubuhi na saa moja usiku. Daktari wake wa Chake Chake, Pemba, alitaka afuate saa za nyumbani mpaka afike London kwa dada yangu, kwa hiyo ilinibidi nijue safari ni ya saa ngapi hasa. Tiketi iliandika kuondoka Zanzibar 16:45, kufika London 06:45. Ukitoa haraka haraka unapata saa 14, na sivyo.

Kila muda ulio kwenye tiketi ni wa mji husika. Nikachukua daftari, nikageuza vituo vyote kuwa saa za Zanzibar. Doha, anakobadilisha ndege, haina kazi, saa yao ndiyo yetu: anafika saa nne na robo usiku, anaondoka saa saba na nusu. London ndiko kwenye hesabu. Majira ya joto wako nyuma yetu saa mbili, hivyo saa moja kasorobo yao asubuhi kwetu ni saa tatu kasorobo. Safari nzima ni saa 16.

Nikahakikisha kwa umbali. Moja kwa moja ni kama kilomita 7,400. Kupitia Doha ni 3,700, kisha 5,200, yaani karibu 1,500 za kuzunguka. Gawa kwa 800, yaani kilomita ambazo ndege huenda kwa saa, ongeza nusu saa ya kupanda na kushuka: unapata saa tano na kitu, halafu saa saba. Tiketi ilikuwa na saa tano na nusu, na saa saba na robo. Hapo moyo ukatulia.

Nilimnunulia saa ya mshale Darajani, tulipokwisha kuvuka kwa meli kutoka Mkoani. Nikaitegesha saa za Zanzibar, nikamwomba asiiguse hata ikitangazwa saa nyingine ndani ya ndege.

“Na sala je, mwanangu?”

“Sala fuata jua la ulipo, mama. Dawa fuata saa hii.”

Kidonge cha usiku kiliangukia ndege ya kwanza. Cha asubuhi ndicho kilichonihangaisha: saa moja yetu ni saa kumi na moja alfajiri ya London, bado yuko angani, saa mbili kasorobo kabla ya kutua. Angengoja saa moja ya huko, angechelewa saa mbili nzima, tena akiwa kwenye foleni ya pasipoti. Nikakifunga peke yake kwenye kifuko, nikakitia kwenye mkoba wa mkononi pamoja na mkate wa kumimina. Alikinywa kwa wakati.

Sasa napanga marejeo ya Novemba, na hesabu ni mpya. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Waingereza hurudisha saa nyuma, tofauti inakuwa saa tatu. Kuja huku, tiketi huonyesha safari ndefu kuliko ilivyo, na kipande cha London hadi Doha huwa kifupi kidogo kwa sababu pepo za juu huvuma kuelekea mashariki. Dada nimeshamtumia ukurasa wa daftari.