Siku Yangu Nikiwa Dunia: Kambi ya Mars Hapa Tabora

Saa 11:30 alfajiri

Naamka kabla yao. Kazi ya kwanza ni kusoma karatasi zilizoingia usiku. Wasichana sita wa kidato cha tatu wamo ndani ya stoo ya zamani ya shule yetu hapa Tabora tangu Jumamosi, na matroni analala chumba cha jirani. Katika zoezi hili wao wako Mars. Mimi, mwalimu wao wa fizikia, ndiye Dunia.

Hawana simu. Wakiwa na neno, wanaliandika kwenye karatasi na kulipitisha chini ya mlango. Nje, kwenye benchi, kuna tarishi mwenye saa ya ukutani mapajani. Anaikalia karatasi kwa dakika 12 bila kuifungua, ndipo ananiletea. Jibu langu nalo linakaa dakika 12 kabla ya kuingia. Ukiuliza swali saa 3:00, usitegemee jibu kabla ya saa 3:24.

Dakika 12 si za kubahatisha. Kutoka Dunia hadi Mars ni wastani wa kilomita milioni 225, na mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde. Sayari zikikaribiana sana, ujumbe hufika kwa dakika 3 hivi. Zikiwa mbali kabisa, huchukua hadi dakika 22.

Saa 1:20 asubuhi

Filimbi inapigwa ndani. Jumamosi waliamka saa 12:00, jana saa 12:40, leo saa 1:20. Siku ya Mars ina saa 24, dakika 39 na sekunde 35, kwa hiyo asubuhi yao inaikimbia yetu kila siku. Si jambo la kubuni darasani. Mwaka 2004, magari ya roboti ya Spirit na Opportunity yalipotua Mars, wahandisi waliobaki Marekani waliishi kwa saa za Mars kwa miezi ya mwanzo, wakati mwingine wakila chakula cha mchana usiku wa manane.

Mzee wa getini ananikuta nikielekea kwenye benchi. Namwamkia, anaitikia, kisha ananiuliza kwa upole, "Mwalimu, wanao wamelala salama huko mbinguni?" Namwambia wamelala salama.

Saa 2:00

Karatasi ya maji. Hii ndiyo naisubiri kuliko zote.

Maji ya kunywa sikuyawekea kipimo, na hilo halina mjadala. Joto la Oktoba hapa kwetu si la kujaribiwa na mtoto. Lakini kupika, kuosha vyombo, kunawa na kufua, vyote vinatoka kwenye ndoo moja ya lita 20 kwa siku, kwa watu sita. Ndani ya ndoo wamebandika utepe wenye alama za lita, na juu yake imening'inizwa daftari yenye kalamu ya risasi kwa uzi. Kila anayechota anaandika jina, kiasi na kazi.

Jana walitumia lita 17. Maji ya kunawia yanapita kwenye chujio walilolitengeneza wenyewe kwa kokoto, mchanga na mkaa, halafu yanamwagiliwa mchicha uliopandwa kwenye chupa dirishani. Katika kituo cha kimataifa cha anga, mwaka 2023 mitambo ilifikia kurudisha asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo. Sisi hatujafika huko na hatujaribu. Ila wasichana hawa wanatoka majumbani ambako maji ya ndoo yanajulikana yameanzia wapi na yataishia wapi, na ndiyo maana hakuna aliyehitaji kufundishwa kwamba maji ya kuoshea mboga hayamwagwi.

Saa 2:40

Matembezi ya nje. Wanatoka watatu, watatu wanabaki. Kibaraza kilichozibwa kwa turubai ndicho chumba cha hewa: wanaingia, wanafunga, wanasimama dakika chache kimya, ndipo wanafungua upande wa nje. Wenzao wa kituo cha mazoezi ya Mars kilicho jangwani Utah, Marekani, kilichojengwa na shirika la Mars Society na kufanya kazi tangu miaka ya mwanzo ya 2000, hufanya hivyo hivyo, kwa sababu hewa ya Mars haifikii hata asilimia moja ya kanieneo ya hewa yetu. Mlango mmoja ukifunguliwa kabla ya mwingine kufungwa, hakuna zoezi tena.

Kofia zimekatwa kutoka kwenye madumu makubwa angavu ya maji, yale ya maofisini, na nyuma zimeachwa wazi ili hewa ipite. Mikononi wamevaa glavu za kuchomelea. Wanakwenda hadi kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shamba la shule, kuchukua udongo kwa vina vitatu.

Nawaangalia kutoka mbali. Anayeitwa mwanajiolojia ameshajaza mfuko wa kwanza wa udongo, sasa anataka kuufunga fundo. Vidole vya glavu ni vinene, fundo linateleza. Anajaribu tena, linateleza. Anaupeleka mfuko mdomoni auvute kwa meno, unagonga dumu. Anasimama kidogo. Kisha anaukunja mdomo wa mfuko mara mbili, anachomoa kibanio cha nguo kiunoni kwa mwenzake, anabana. Mifuko miwili iliyofuata hawakuhangaika na fundo kabisa. Mimi ningeweza kupiga kelele kutoka nilipo, "Tumia kibanio!" Ningekuwa nimewaibia.

Kabla ya kuingia wanapigana brashi viatu na magoti. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kiligundua chumvi za pakloreti kwenye udongo wa Mars, na chumvi hizo ni sumu kwa binadamu. Vumbi halitakiwi kufika kwenye sufuria.

Dakika 40 tu, nawarudisha. Jua limeshapanda.

Saa 5:00

Kipindi cha kidato cha nne, maana mtihani wa Novemba hausubiri Mars. Nawapa swali la mwendokasi kwa kutumia zile kilomita milioni 225. Sekunde 750. Wanalipata.

Saa 7:30 mchana

Orodha ya chakula imepita mlangoni. Hakuna friji, hakuna cha sokoni cha leo. Vikosi vya namna hii huko Marekani huishi kwa vyakula vilivyokaushwa viwandani. Sisi tumeingia kwenye ghala la bibi zetu. Kuna michembe (viazi vitamu vibichi vilivyokatwa na kukaushwa), matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa kisha kukaushwa), nsansa (mboga za majani zilizokaushwa), uyoga wa kukausha, karanga, dagaa wa Kigoma na asali ya hapa hapa. Matobolwa yanatafunwa bila moto wala maji, kwa hiyo mpishi ameyapanga siku za matembezi, na michembe inayohitaji kuchemshwa ameiweka siku za kukaa ndani. Wanyamwezi walikausha viazi ili wavuke kiangazi. Hesabu ni ile ile: chakula chepesi, kisichooza, kinachojulikana kitatosha siku ngapi.

Saa 9:15

Ugomvi.

Karatasi imeandikwa kwa hasira, herufi zimekandamizwa. Daktari wa kikosi amenawa uso mara mbili na hakuandika. Mtunza bustani anasema maji yale yalikuwa haki ya mchicha. Kamanda anaomba Dunia iamue.

Naandika jibu, nampa tarishi. Likiwa bado mapajani mwake, inafika karatasi nyingine kutoka ndani: wamekubaliana mtu aandike kwanza, ndipo achote, na daktari ataosha vyombo vya jioni. Jibu langu lilipoingia lilikuwa habari ya zamani.

Hapa ndipo naona ukweli wa kambi hizi. Mwaka 2010 na 2011, wanaume sita walikaa siku 520 ndani ya kituo kilichofungwa huko Moscow, wakijifanya wanakwenda Mars na kurudi. Watu wanne walikaa siku 378 kwenye nyumba ya mita za mraba 158 mjini Houston, wakatoka Julai 2024. Mawasiliano yao nayo yalicheleweshwa kwa makusudi. Dunia haiwezi kuamua nani kanawa uso. Inaweza kupeleka maarifa, takwimu na salamu. Amani ya chumbani ni ya walio chumbani. Kwa mwalimu hilo ni gumu. Mkono unawasha kutaka kufungua mlango.

Saa 10:30

Mtunza bustani analalamika kichwa kinamuuma. Karatasi hii ina mstari mwekundu, na yenye mstari mwekundu haingoji dakika hata moja. Mlango haufungwi kwa ufunguo, na matroni yuko ndani tayari. Kumbe alikuwa hajanywa maji ya kutosha tangu matembezi. Anapumzishwa kivulini, anakunywa, anapata nafuu.

Sheria hiyo niliichukua Hawaii. Februari 2018, kwenye kambi kama hii iitwayo HI-SEAS, mlimani Mauna Loa, mmoja alipigwa na umeme siku chache tu baada ya kuanza. Alipelekwa hospitali, na zoezi hilo likasitishwa. Uhai kwanza.

Saa 12:00 jioni

Mama wa mpishi anapita shuleni akitoka sokoni. Ndiye aliyetupa matobolwa.

"Mwalimu, naweza kumsalimia mwanangu?"

"Andika mama, salamu zitafika baada ya dakika 12."

Anaketi kwenye benchi na tarishi, anaandika taratibu. Anauliza akipungukiwa chumvi itakuwaje. Namwambia aandike hilo pia.

Saa 2:30 usiku

Taarifa za jioni, kama wanavyofanya wenzao wa Utah kila siku. Ya kamanda, ya mhandisi, ya daktari, ya bustani. Betri ya sola imebaki nusu. Taa moja itazimwa. Udongo wa chini ya kichuguu una unyevu kuliko wa juu. Chumvi ipo, mama asiwe na wasiwasi.

Mwishoni mhandisi anaandika: "Leo tumebakiza lita 4. Tunaomba zihamie kesho, tufue soksi."

Nafikiria kila kitu anachoweza kuniuliza baada ya hapo, ili niandike mara moja tu:

"Ruhusa imetolewa. Kesho mtapata lita 20 pamoja na hizo 4. Fueni kwa maji yaliyochujwa, suuzeni kwa safi. Yatakayobaki ni ya mchicha. Sabuni isiingie kwenye chupa za mboga. Kuamka ni saa 2:00. Mtunza bustani asitoke nje kesho, hata akijisikia mzima."

Nampa tarishi. Anatazama saa, anaikalia karatasi.