Breki za nyuma zinashika zenyewe

Tangu niweke kalipa (zile taya zinazobana diski ya breki) na diski kubwa kwa Mazda MX-5 yangu, nikitoka Malindi nikifika Gede rimu za nyuma zishakuwa moto, ukitemea diski mate yachemka papo hapo, na gari nzito kama linavuta ngarawa. Fundi akaapa ni pedi mpya, zitazoea. Wapi! Nikapiga jeki, gurudumu haligeuki, nikafungua ile nati ya kutolea hewa, mafuta yakachuruzika bila presha na gurudumu bado gumu, basi presha haijakwama, tatizo liko kwa hendibreki. Kumbe mwenyewe niliikaza kebo mno, kile kiwiko cha kwenye kalipa hakirudi mpaka mwisho. Nimelegeza, sasa gurudumu nalizungusha kwa kidole. Pini ambazo kalipa huteleza juu yake nazo nimepaka grisi ya silikoni, chumvi ya huku haina huruma.